Ruaha kutoka Iringa au Mbeya: panga safari yako kwa kufuata maji

Ukiwa Ipogolo, kabla hujapandisha mlima kuingia Iringa mjini, umebakiza kama kilomita 130 tu kufika Msembe, makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Ni umbali mfupi, na bado watu wengi wa Iringa, Njombe na Mbeya huishia kuona tembo wa Mikumi kupitia dirisha la basi la Dar es Salaam. Mara nyingi kinachowakwamisha si hela peke yake. Ni kutojua waanzie wapi.

Anza na maji. Mto Ruaha Mkuu unaopita ndani ya hifadhi ni maji ya huku kwetu: Mbarali, Kimani, Chimala na Ndembera zinashuka kutoka milimani, zinaingia bonde la Usangu, zinatulia kwenye ardhioevu ya Ihefu, ndipo mto unaendelea hifadhini na kisha Mtera. Maji hayo ndiyo yanayoamua wanyama watakuwa wapi, barabara ipi itapitika, na wewe ubebe nini. Ukipanga safari kwa kuyafuata, mengine yanakaa sawa.

1. Chagua mwezi

Ruaha ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na wakati mwingine unagusa Mei. Kiangazi ni Juni hadi Oktoba.

Kama lengo ni kuona wanyama wengi, nenda kati ya Agosti na katikati ya Oktoba. Madimbwi ya porini yameshakauka, majani yamepukutika, na tembo, nyati, twiga, pundamilia na swala pala wanalazimika kushuka mtoni kila siku. Simba nao wanajua hivyo, wanajilaza kwenye vichaka vya ukingoni wakisubiri. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika mtiririko wake karibu kila kiangazi, hasa kwa sababu maji mengi huchepushwa huko juu kwa ajili ya kilimo. Unabaki mfululizo wa mabwawa yenye viboko na mamba waliobanana. Kwa mgeni ni rahisi kuona wanyama, lakini kwa viboko wale ni miezi ya mateso, na inafaa uelewe hivyo ukiwatazama.

Juni na Julai ni miezi mizuri kwa wasiopenda joto. Mchana hali ni tulivu, usiku baridi inauma, na nyasi bado ndefu kidogo. Oktoba joto hupita nyuzi 35, na mwenye mtoto mdogo au mzee alifikirie hilo.

Kama likizo yako iko Januari hadi Machi, tunakushauri kwa moyo wote uipeleke Kitulo, ile Bustani ya Mungu ya juu ya Matamba, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Huo ndio msimu wa maua yake. Ruaha wakati wa mvua inapendeza kwa ndege na kijani kibichi, ila makorongo hujaa ghafla, na njia nyingi za pembeni hazipitiki.

2. Panga siku

Usiku mmoja haukutoshi. Ukitoka Iringa asubuhi unafika mchana, wanyama wamejificha kivulini, na kesho yake unawaza kurudi. Lala usiku mbili. Utapata jioni mbili na asubuhi mbili, na hizo saa nne za mapambazuko na machweo ndizo zenye thamani kuliko mchana wote.

Anayetoka Mbeya aongeze siku moja kila upande. Mbeya hadi Iringa kupitia Igawa, Makambako na Mafinga ni zaidi ya kilomita 300, na barabara kuu ya TANZAM ina malori ya Tunduma ambayo huwezi kuyapita unavyotaka. Usijaribu kuunganisha Mbeya na Msembe kwa siku moja. Atakayejaribu atafika lango limefungwa, amechoka, na giza limeshaingia kwenye barabara ambayo tembo huikatiza. Lala Iringa mjini, fanya manunuzi, uondoke saa 12 asubuhi.

3. Gari

Hapa ndipo hela nyingi inapoenda, na hapa ndipo safari nyingi zinapoharibika.

Kiangazi, Noah au gari dogo linaweza kufika Msembe na kuzunguka barabara kuu za karibu. Lakini halitaingia kwenye mito ya mchanga, na Ruaha nzuri iko kwenye mito ya mchanga: Mwagusi, Mdonya, Jongomero. Kama uwezo upo, kodi Land Cruiser iliyofunguliwa paa, mchangie watu sita au saba. Kikundi cha kanisa, shule au kikoba kinaweza kwenda na Coaster. Gharama ya kila mtu inashuka sana, ila mjue mtabaki kwenye njia kuu, na waliokaa upande usio na mnyama hawataona kitu mpaka dereva ageuze.

Kabla ya kulipa chochote, lione gari kwa macho. Usikubali picha ya simu. Kagua haya:

- Tairi tano zenye kashata nzuri, na ya tano iwe saizi moja na zile nne. Kama unaweza kupata spea mbili, chukua mbili. Miiba ya migunga ya kule hupenya tairi lililochakaa kama sindano.
- Jeki inayofanya kazi, ubao imara wa kuweka chini ya jeki (bila ubao jeki inazama mchangani), spana ya magurudumu, kamba ya kuvutia, sepetu.
- Pampu ya upepo ya kuchomeka kwenye betri, pamoja na geji.
- Gia ya kuendesha magurudumu yote manne. Mwambie mwenye gari aiingize mbele yako, atembee nayo mita chache. Magari mengi ya mjini gia hiyo haijaguswa miaka, na siku unayoihitaji inagoma.
- Rejeta, mkanda wa feni, na vioo vyote kupanda na kushuka. Kioo kilichokwama wazi ni mwaliko kwa nyani na mbung'o.

Mafuta jaza Iringa. Hesabu yake ni hii: kwenda na kurudi Msembe ni kilomita 260, mizunguko ya siku mbili kama 160, jumla 420. Ongeza robo nzima kwa ajili ya mchanga, gia nzito na kupotea njia, inakuwa kama 525. Land Cruiser ya dizeli kwenye njia hizo huenda kilomita 6 kwa lita, kwa hiyo unahitaji karibu lita 88. Tangi la lita 90 litakuacha ukirudi kwa kubahatisha, basi beba dumu la lita 20 lililofungwa vizuri nje ya chumba cha abiria. Mafuta yanayouzwa kwenye madumu vijijini ni ghali, na usafi wake huwezi kuuthibitisha.

Asiye na gari anaweza kupanda basi la Iringa hadi Tungamalenga, alale pale, akodi gari la kuingilia hifadhini kutoka kwenye nyumba za wageni za hapo. Piga simu kabla, maana ukifika bila mpango unaweza kukuta magari yote yameshachukuliwa.

4. Mahali pa kulala

Ndani ya hifadhi, Msembe kuna mabanda na nyumba za kulala za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, kando ya mto, na kuna maeneo ya kambi kwa wenye mahema. Kambi za kawaida mnashirikiana na wageni wengine, kambi maalumu mnapewa ninyi peke yenu, zinalipiwa zaidi, na huwa hazina huduma yoyote. Julai hadi Septemba, na sikukuu zinazoungana na wikiendi, agiza nafasi wiki kadhaa kabla.

Tungamalenga, nje ya lango, hulala watu kwa bei nafuu. Kasoro yake ni kwamba asubuhi unapoteza muda njiani na langoni wakati simba yuko kazini. Kwetu sisi, bora hema ndani kuliko kitanda kizuri nje.

5. Malipo

TANAPA haipokei fedha taslimu langoni. Unapewa kumbukumbu namba ya malipo, ile watu wanayoiita kontro namba, unalipa kwa simu, benki au kadi. Fanya hivyo ukiwa bado Iringa mjini. Kosa linalojirudia ni kusema "nitalipa pale pale": mtandao unayumba, salio la simu halitoshi, kikomo cha muamala cha siku kimeisha, na familia nzima inakaa kwenye jua langoni saa mbili.

Bajeti igawanye hivi: ada ya kuingia ya kila mtu, ada ya gari (inategemea uzito na usajili wake), ada ya kulala, gari na mafuta, chakula, na posho ya dereva au mwongozaji. Viwango vya ada hubadilika, kwa hiyo chukua vya mwaka huu kutoka TANAPA wenyewe, na uliza kama kodi ya ongezeko la thamani imeshajumlishwa. Mtanzania na Mwana Afrika Mashariki analipa kidogo sana kuliko mgeni wa nje, ila lazima athibitishe: beba kitambulisho cha taifa au pasipoti halisi. Watoto walio chini ya miaka 5 hawalipi, na wa miaka 5 hadi 15 wana ada yao. Shule na vyuo viandike barua mapema.

Kwa anayelala ndani, ada huhesabiwa kwa saa 24. Ukiingia saa 6 mchana leo, umelipia jioni ya leo na asubuhi ya kesho. Ukiingia saa 3 asubuhi, jipange kutoka kabla ya saa 3. Soma saa iliyoandikwa kwenye kibali chako na uitunze karatasi. Kibali ni cha kuingia mara moja, kwa hiyo anayelala Tungamalenga aulize mapema siku zake zitahesabiwaje.

6. Mzigo

Maji ya kunywa na kupikia: lita 5 kwa kila mtu kwa siku. Watu sita kwa siku tatu ni lita 90, yaani madumu manne ya lita 20 na katoni moja ya chupa. Yanaonekana mengi wakati wa kupakia. Siku ya pili mchana utashukuru.

Chakula nunua soko kuu la Iringa: mchele, unga, maharage uliyoyachemsha kabisa nyumbani, viazi, vitunguu, nyanya, mayai kwenye trei iliyofungwa kwa kitambaa. Mtungi mdogo wa gesi na jiko lake unakuondolea tabu ya kuni, maana huruhusiwi kuokota kuni ovyo hifadhini. Matunda yapo, ila yana sharti. Machungwa, ndizi na maembe yalale ndani ya gari lililofungwa vioo, na yasilale kamwe kwenye hema. Tembo hunusa chungwa kutoka mbali, na hema kwake ni karatasi tu.

Nguo: chagua rangi ya udongo, kaki au kijani iliyopauka. Bluu iliyokolea na nyeusi huvuta mbung'o, nao wanauma mpaka kupitia fulana. Iringa mjini ni kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, Msembe iko chini ya mita 1,000. Baridi ya Iringa isikudanganye ukabeba masweta matupu: sweta moja zito la alfajiri na usiku, nyepesi za mchana, kofia pana. Malaria ipo, ongea na daktari au mfamasia kuhusu dawa ya kinga kabla ya kuondoka. Ongeza kisanduku cha huduma ya kwanza, tochi yenye betri mpya, na darubini hata moja ya kupokezana. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, tumia vikapu na masanduku. Ndege isiyo na rubani iache nyumbani kama huna kibali chake.

7. Barabara ya kwenda

Kutoka mjini unapita Kalenga, unashuka kuelekea tarafa ya Idodi. Mbele njia inagawanyika: ya kushoto inapitia Idodi na Tungamalenga, nyingine inanyooka porini. Zote zinafika langoni. Chukua ya Tungamalenga mara ya kwanza, ina watu, maduka madogo na fundi wa pancha. Kabla ya kuondoka mjini ulizia madereva hali ya barabara wiki hiyo, kwa kuwa ujenzi na mvua huibadilisha. Panga safari ya muda wa saa tatu hadi nne.

Vijiji hivi ndivyo vinavyoishi na tembo mwaka mzima. Jumuiya yao ya hifadhi ya wanyamapori, MBOMIPA, jina lake ni kifupi cha Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga. Punguza mwendo, wasalimie "Kamwene", nunua nyanya na mkaa kwao.

Ukishavuka daraja la Ibuguziwa, simama pale panaporuhusiwa utazame mtoni. Viboko wa pale ni wa uhakika.

8. Ndani ya hifadhi

Mwendo wa juu ni kilomita 50 kwa saa, lakini anayetaka kuona aende 20. Chui aliyelala juu ya tawi la mgunga hasubiri gari la 50. Magari hayatembei usiku. Uwe kambini kabla giza halijaingia.

Siku ya kwanza jioni usiende mbali. Fuata barabara ya mtoni karibu na Msembe, kariri makutano. Yana alama za namba: piga picha kila moja unapokata kona, ndiyo itakayokurudisha. Mtandao wa simu hupotea ukishaachana na Msembe, kwa hiyo ramani iwe ya karatasi au iliyopakuliwa.

Siku ya pili ondoka kwa mwanga wa kwanza, ukiwa na chai kwenye chupa, uende Mwagusi. Kiangazi ni mchanga mtupu, mweupe, na usipojua utauona umekufa. Zima injini chini ya kivuli, usubiri nusu saa. Tembo jike anakuja, anapiga mchanga kwa mguu wa mbele, anachota kwa mkonga na kuutupa pembeni, anachimba shimo jembamba kadiri mkonga unavyofika. Maji ya kwanza ni tope, hayanywi. Anangoja yajichuje, kisha anavuta kidogo kidogo. Akiondoka, anayefuata ni nyani, kisha pundamilia, kisha kanga. Shimo moja la tembo hunywesha nusu ya wanyama utakaowaona siku hiyo. Ndiyo maana ushauri wetu mkubwa ni huu: chagua sehemu mbili zenye maji, ukae. Wanaokimbizana na habari za "simba wako kule" hufika simba wameshaondoka, na wamekunywa vumbi bure.

Ruaha ni mahali ambapo miti ya migunga ya Afrika Mashariki inakutana na miombo ya kusini. Kwa hiyo tandala mkubwa na tandala mdogo wote wapo, na palahala pia, ingawa huyu si wa kuonekana kila siku. Ndege ni zaidi ya aina 500. Mbwa mwitu wanatembea sana. Ukiwapata, zima injini, kaa kimya. Faru usimtafute, hayupo.

Tembo wape nafasi. Ujangili uliwaumiza vibaya hasa miaka ya 2009 hadi 2014, na majike wenye watoto bado ni wepesi wa hasira. Usikae katikati ya mama na mtoto. Akiinua kichwa, akitandaza masikio na kutikisa, anakuonya: rudi nyuma taratibu bila kelele za injini. Akilaza masikio na kukunja mkonga kifuani, haonyi tena.

Kuvuka mchanga: simama kabla, kagua kote kama kuna mnyama, punguza upepo wa tairi hadi pauni 20 hivi, ingiza gia ya magurudumu manne, namba mbili, nenda mwendo mmoja bila kubadili gia wala kukanyaga breki. Tairi zikianza kuzunguka bure, acha mafuta hapo hapo. Kukanyaga zaidi ndiko kunakolaza gari tumboni. Rudi nyuma kwenye alama zako mwenyewe. Ikibidi kuchimba, mmoja asimame juu ya gari akiangalia pori, wawili wachimbe, watoto wabaki ndani. Ukitoka mchangani jaza upepo tena kabla ya njia ya mawe, la sivyo utapasua tairi.

Ukikuta korongo lina maji yanayotembea, usiingie kupima kwa miguu. Mamba wapo. Ngoja, mafuriko ya makorongo haya mara nyingi hupungua baada ya saa chache, au zunguka.

Kutoka nje ya gari ni kwenye maeneo yaliyoruhusiwa tu. Anayetaka kutembea kwa miguu aombe askari wa uhifadhi mwenye silaha, analipiwa, na anajua nyayo za jana na za leo. Kambini usiku, taka na mabaki ya chakula viwe ndani ya gari, tochi imulike kwanza kabla mguu haujatoka hemani. Fisi hubeba hata kiatu.

9. Kurudi

Asubuhi ya kuondoka, fanya mzunguko mfupi mmoja wa mtoni, kisha uwe langoni nusu saa kabla kibali hakijaisha. Taka zako zote rudi nazo mjini. Ukifika Tungamalenga shuka uangalie tairi na chini ya gari, nati za springi hulegea kwa mitikisiko ya barabara ile. Ukibakiwa na saa moja, simama Kalenga kwenye makumbusho ya Mtwa Mkwawa, kiongozi wa Wahehe, panapohifadhiwa fuvu linalotajwa kuwa lake, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Fika kabla ya saa 10 jioni ili upate wa kukufungulia na kukueleza.